Mafuriko Dar: mkazi wa bondeni anaingiaje kwenye mipango ya halmashauri?

Wadau, picha za mafuriko Dar tumeshazizoea: Jangwani imejaa maji, barabara ya Morogoro imefungwa, watu wamepanda juu ya mabati. Desemba 2011 watu zaidi ya 40 walikufa, na mwaka 2012 familia kibao za mabondeni zikapelekwa Mabwepande. Mvua kubwa zinazidi kuja, na mji nao unazidi kujaa. Sasa huyu anayeishi kando ya Msimbazi ana sauti gani kwenye mipango kabla maji hayajamfikia?

Kisheria sauti anayo. Ibara ya 146 ya Katiba inasema serikali za mitaa zipo ili madaraka yawafikie wananchi. Pia kuna utaratibu unaoitwa Fursa na Vikwazo kwa Maendeleo, ulioanza miaka ya mwanzo ya 2000, ambao unataka mipango ianzie chini. Wakazi wanakaa, wanataja matatizo yao na walichonacho cha kuyatatua, orodha inapanda kwenye kamati ya maendeleo ya kata ambayo mwenyekiti wake ni diwani, halafu inaenda halmashauri.

Tatizo ni kwamba orodha ikifika juu inakuwa nyepesi. "Mtaro wetu umeziba" ni lalamiko tu. Mtaro upi? Kina chake? Ukifurika unaingia nyumba ngapi? Mhandisi hawezi kupanga bajeti kwa lalamiko.

Hapo ndo ilipoingia kazi ya ramani. Mwaka 2011 wanafunzi wa Chuo Kikuu Ardhi na wakazi wa Tandale walizunguka uchochoro kwa uchochoro na vifaa vya GPS, wakaingiza njia, visima na vyoo kwenye OpenStreetMap, ramani ya bure ambayo hata wewe hapo kafe unaweza kuifungua na kuihariri. Mwaka 2015 kazi hiyo ikapanuliwa kwa jina la Ramani Huria, ikishirikisha Costech, Benki ya Dunia na Msalaba Mwekundu. Ndege ndogo zisizo na rubani zikapiga picha kutoka juu.

Lakini ndege haijui maji ya mwaka ule yalifika wapi. Hilo analijua bibi aliyebeba godoro kichwani usiku. Kwa hiyo wakazi ndio walioulizwa maji yalifika wapi na mitaro gani huziba. Wajumbe wa mashina nao wakaonesha mipaka ya mashina yao, kitu ambacho ukipitia makabrasha ya ofisini huwezi kukiona. Programu ya InaSAFE ikachukua eneo la mafuriko, ikalilaza juu ya nyumba, ikatoa makadirio ya walioko hatarini.

Mwaka 2018 yakafanyika majadiliano marefu juu ya bonde la Msimbazi, wakazi wakiwemo, na mwaka 2022 Benki ya Dunia ikaidhinisha fedha za mradi wa bonde hilo.

Sasa tuseme ukweli. Ramani ina makali pande mbili. Waliopigiwa alama nyekundu ya X na kuvunjiwa mabondeni mwishoni mwa 2015 na mwanzoni mwa 2016 hawawezi kufurahia kirahisi mtu anayekuja kupima nyumba zao. Ramani inayoonesha panahitajika mtaro ndiyo hiyohiyo inayoweza kuonesha kwamba wewe uondoke. Kabla hujajibu maswali, uliza data zitatumika kwa nini, na zikikamilika mtaa wenu utapata nakala au la.

Na muda ni muhimu. Mwaka wa fedha huanza Julai 1, bajeti hupangwa miezi mingi kabla. Ukisubiri masika ya Aprili ndo ulete hoja ya mtaro, umeshachelewa mwaka mzima. Nenda mkutano wa mtaa mapema, beba ramani iliyochapishwa, na hakikisha mtendaji ameiandika hoja yako kwenye muhtasari.