Usalama Huanza Kiwandani

Ajali ya drili au grinda ikitokea mjengoni, lawama humwangukia fundi: hakuvaa miwani, alikuwa mzembe. Historia ya zana hizi inasema vingine. Hatua kubwa za usalama zilipatikana chombo chenyewe kilipobadilishwa, si fundi alipoonywa tena. Drili ya umeme iliyoundwa na kampuni ya Fein huko Stuttgart mwaka 1895 ilikuwa zigo la chuma la kushikwa kwa mikono miwili. Mwaka 1917 Duncan Black na Alonzo Decker wa Baltimore walipata hataza ya drili yenye mpini kama wa bastola, pamoja na kifyatulio chake. Nadhani walitafuta wepesi wa kazi kuliko usalama, lakini kidole kinachowasha ndicho pia kinachozima: fundi akiachia, mota inakosa umeme.

Ganda la chuma lilibaki kuwa hatari. Waya ukichubuka ndani, umeme huhamia kwenye ganda, na tegemeo la fundi ni waya wa ethi, ambao kwenye ekstensheni iliyoungwaungwa huenda haufiki popote. Dawa ilikuwa ganda la plastiki lenye kinga ya pili ndani yake. Hiyo ndiyo maana ya alama ya mraba ndani ya mraba inayoonekana kwenye zana nyingi za leo. Uingereza nayo ilizoea transfoma ya volti 110 mjengoni, iliyofungwa hivi kwamba anayeguswa na waya mmoja huku amesimama ardhini hapati zaidi ya volti 55 hivi. Naye Charles Dalziel wa Chuo Kikuu cha California alibuni, mwaka 1961, swichi inayokata umeme unapovuja miliampia 5 tu.

Mtu atapinga: gadi ya grinda ipo, na fundi mwenyewe ndiye anayeing'oa. Ni kweli, ila tuulize sababu. Aghalabu anataka kufunga diski ya milimita 230 kwenye grinda ya diski za 115 ili ikate kwa kina, na tundu la diski hizo mbili ni la kipimo kimoja, kwa hiyo inaingia bila taabu. Grinda ndogo huzunguka karibu mara 11,000 kwa dakika. Kwa kasi hiyo ukingo wa diski kubwa hupita mita 130 kwa sekunde, ilhali imetengenezwa kuhimili 80. Ikipasuka, miwani haitazuia kipande kinachoelekea shingoni. Aliyenunua mashine moja kwa kazi za mashine mbili ana sehemu yake katika jeraha hilo, na sheria za usalama kazini, ya Tanzania ya 2003 na ya Kenya ya 2007, zinamtwika mwajiri jukumu hilo. Basi kabla ya kubandika bango jingine la tahadhari, mkandarasi anunue grinda ya pili na swichi ya kukata umeme.