Riwaya za Anga na Waandishi Wanaojichapishia: Historia Inayofika Kaptagat

Riwaya za anga ni hadithi ndefu za kubuni ambamo vyombo husafiri kati ya nyota, dola hupigania sayari, na mashujaa huvuka masafa yanayouchukua mwanga miaka mingi kuyamaliza. Aina hii ilikulia katika majarida ya bei nafuu ya Marekani. The Skylark of Space ya E. E. Smith ilianza kutolewa katika jarida la Amazing Stories mwaka 1928, na kwa miongo kadhaa wahakiki waliiona kazi ya namna hiyo kuwa burudani ya vijana tu. Filamu ya Star Wars ya mwaka 1977 ndiyo iliyoifikisha kwa watu wa mataifa yote.

Afrika Mashariki ilizihadithia nyota kabla ya kuzichapisha. Kaptagat, eneo la msitu na mashamba mashariki mwa Eldoret, liko zaidi ya mita 2,300 juu ya usawa wa bahari, na wenyeji wake Wakeiyo ni jamaa wa Wanandi katika jamii kubwa ya Wakalenjin. Ofisa wa kikoloni A. C. Hollis, katika kitabu chake cha mwaka 1909 kuhusu Wanandi, aliandika kwamba walikitazama kilimia ili kubashiri mavuno mema au mabaya, na kwamba Njia Nyeupe kwao ilikuwa ziwa kubwa ambamo watoto wa nyota huoga na kucheza. Picha hiyo ina upana ule ule ambao waandishi wa riwaya za anga wamekuwa wakiutafuta.

Katika maandishi ya Kiswahili, hatua ya kwanza kubwa ilipigwa na Shaaban Robert. Kusadikika, riwaya yake iliyochapishwa mwaka 1951, inahusu nchi inayoelea angani. Mshtakiwa Karama anajitetea barazani kwa kusimulia safari za wajumbe sita waliotumwa pande zote, mmoja wao mbinguni, wakarudi na mashauri mema na kuambulia kifungo. Hakuna roketi humo. Lakini mbinu ya kuihamisha nchi juu ya mawingu ili watawala wa ardhini wajione ilibaki kuwa uti wa mgongo wa kazi zilizofuata.

Roketi zenyewe zilikuja kweli, tena pwani ya Kenya. Mnamo tarehe 12 Desemba 1970, Sikukuu ya Jamhuri, setilaiti ya Marekani ilirushwa kutoka jukwaa la Waitaliano la San Marco karibu na Malindi, ikapewa jina la Uhuru. Ilikuwa ya kwanza kutengenezwa mahususi kwa uchunguzi wa eksirei kutoka angani. Miaka 13 baadaye, katika Return of the Jedi, filamu ya mfululizo wa Star Wars ya mwaka 1983, rubani mgeni aitwaye Nien Nunb alipewa sauti na mwanafunzi wa Kenya aliyekuwa Marekani, Kipsang Rotich. Watazamaji wa Kenya walishangaa kusikia Kikuyu safi katikati ya vita vya nyota. Lugha ya Kenya ilikuwa imeingia katika hadithi maarufu kuliko zote za aina hii, ingawa waliomwelewa rubani huyo walikuwa wachache.

Njia ya kujichapishia ilikuwa imeshafunguliwa kwa hadithi za aina nyingine. Mwaka 1972 David Maillu alianzisha Comb Books jijini Nairobi akatoa vitabu vidogo vya bei nafuu, vikiwemo My Dear Bottle na After 4.30, vilivyonunuliwa na watu ambao hawakuwa na mazoea ya kuingia katika duka la vitabu. Jijini Dar es Salaam, Ben Mtobwa, mtunzi wa riwaya za upelelezi, alianzisha Heko Publishers. Comb Books haikudumu, lakini ilithibitisha jambo lenye uzito: wasomaji wapo nje ya shule. Mashirika makubwa ya uchapishaji ya Kenya yaliendelea kutegemea shule, na mfumo wa 8-4-4 ulioanza mwaka 1985 ulizidi kuyafunga huko. Riwaya isiyo na matumaini ya kuwa kitabu teule ilikosa mlezi.

Ndiyo maana Walenisi ya Katama Mkangi inastahili heshima ya pekee. Mkangi, mwanasosholojia mzaliwa wa pwani, aliwekwa kizuizini bila kushtakiwa mwaka 1986. Riwaya yake ilitolewa na East African Educational Publishers mwaka 1995. Dzombo, mhusika mkuu, anahukumiwa kufa kwa kutupwa angani ndani ya chombo; anajifunza kukiendesha, na anatua Walenisi, jamii isiyo na mabwana wala watwana. Mkangi alichukua chombo cha riwaya za anga akakipakia hoja za Shaaban Robert. Kwa uhodari wa wazo, ni vigumu kupata riwaya ya Kiswahili inayoipita.

Baada ya hapo kasi iliongezeka, ingawa kwa Kiingereza zaidi. Wanuri Kahiu alitoa filamu fupi ya Pumzi mwaka 2009. Mwandishi wa Uganda Dilman Dila alitoa mkusanyiko wa A Killing in the Sun mwaka 2014, na kikundi cha Jalada cha Nairobi kikatoa toleo zima la hadithi za wakati ujao wa Afrika mwaka 2015. Nako ng'ambo, Amazon ilianza mwaka 2007 kuwaruhusu waandishi kuuza vitabu vya kielektroniki wenyewe. Becky Chambers alichangisha fedha za wasomaji ili amalize riwaya yake ya anga, The Long Way to a Small, Angry Planet, akajichapishia mwaka 2014. Shirika kubwa la Uingereza likaichukua baadaye, na mwaka 2019 mfululizo wake ukapata tuzo ya Hugo.

Leo mwandishi wa Kaptagat ana mambo ambayo Maillu hakuwa nayo. Namba ya ISBN hutolewa na Huduma ya Maktaba ya Kitaifa ya Kenya, na hakimiliki husajiliwa na Bodi ya Hakimiliki. Eldoret kuna wachapaji, na kuna Chuo Kikuu cha Moi, kilichoanzishwa mwaka 1984, chenye walimu wa fasihi wanaoweza kuusoma mswada. M-Pesa, iliyoanza mwaka 2007, humwezesha msomaji wa Mombasa au Kisumu kulipa bila duka kuwa katikati. Mzigo mzito umebaki kwenye gharama: sheria ya mwaka 2013 iliweka kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 16 juu ya vitabu, na zikichapwa nakala chache, kila moja hugharimu zaidi kuliko zikichapwa nyingi. Kwa hiyo toleo la kielektroniki lina maana zaidi kwa mwandishi asiye na mtaji, na la karatasi lifuate maagizo yaliyokwisha kulipiwa.

Dunia inaijua Kaptagat kwa kambi ya wanariadha alikofanyia mazoezi Eliud Kipchoge, na hakuna sababu isijulikane pia kwa vitabu. Mwandishi wa huko anayetaka kuandika riwaya za anga aisome Walenisi kwanza, awaulize wazee majina ya nyota, kisha aandike kwa lugha ambayo jirani yake ataisoma.