Mfungwa Asiyeletwa Mbele ya Jaji

Wasomaji wetu wamjua Abraham Lincoln, Rais wa Marekani aliyetangaza uhuru wa watumwa mwaka 1863. Leo twasimulia jambo lake jingine, lisilosimuliwa mara nyingi, maana halimpambi.

Tangu zamani nchi ile ina haki iliyotoka katika sheria za Uingereza: mtu akitiwa kifungoni, jaji aweza kuamuru aletwe mbele yake, na aliyemfunga aeleze sababu. Pasipo sababu ya sheria, mfungwa huenda zake. Katiba yasema haki hii isisimamishwe ila wakati wa maasi au wa kuingiliwa na adui. Lakini haikutaja wazi ni nani wa kuisimamisha.

Aprili 1861 vita vya wenyewe kwa wenyewe vilianza. Mji mkuu, Washington, ulikuwa hatarini: ng'ambo ya mto ni Virginia iliyoasi, na pande nyingine ni Maryland, ambako wengi waliwapenda waasi. Tarehe 19 askari waliokuwa wakienda kuulinda mji walishambuliwa katika Baltimore, wakafa wanne, na raia pia wakafa. Kisha madaraja ya reli yakachomwa moto. Congress, yaani baraza la kutunga sheria, haikuwa ikikutana. Basi tarehe 27 Lincoln akampa jemadari wake ruhusa ya kuisimamisha haki ile kando ya njia iendayo Philadelphia.

Tarehe 25 Mei, usiku, askari wakamtoa John Merryman nyumbani kwake, wakamfungia katika Fort McHenry, kwa habari ya madaraja yale. Jaji Mkuu Roger Taney akaamuru aletwe, jemadari akakataa. Taney akatuma mtu wa kumkamata jemadari, hakufunguliwa lango. Ndipo jaji, mzee wa miaka 84, akaandika kwamba uwezo huo ni wa Congress, si wa Rais. Lincoln akajibu mwezi wa Julai kwa kuuliza: je, sheria zote zivunjwe na serikali ianguke, ili sheria moja isiguswe?

Hapa twasita kidogo. Taney huyu ndiye aliyeamua mwaka 1857 ya kuwa mtu mweusi hawezi kuwa raia wa Marekani. Aliyewanyima watu wetu uraia ndiye aliyetetea haki ya mfungwa! Hata hivyo neno lake hatuwezi kulitupa, kwa kuwa amri iliyoanza kwenye njia moja ya reli ilienea nchi nzima Septemba 1862. Na mwaka 1863, baada ya Congress yenyewe kumpa Rais uwezo ule, Clement Vallandigham wa Ohio alihukumiwa na baraza la askari kwa ajili ya hotuba tu. Lincoln akamfukuza aende kwa waasi.

Lambdin Milligan wa Indiana alihukumiwa na baraza kama hilo anyongwe. Mwaka 1866, vita vimekwisha na Lincoln amekwisha kuuawa, Mahakama Kuu ilisema askari hawana ruhusa ya kumhukumu raia mahali mahakama za kawaida zilipo wazi, na za Indiana zilikuwa wazi. Aliyeiandika hukumu hiyo ni David Davis, rafiki wa Lincoln tangu siku za uwakili, ambaye Lincoln mwenyewe alimweka katika kiti kile. Milligan akatoka gerezani hai.