Mabanda Mawili ya Bati

Mwezi wa Novemba 1959, sheria za hali ya hatari zikiwa bado hazijaondolewa, na watoto walionyang'anywa wazee wao na vita vya Mau Mau wakirandaranda Nairobi bila maskani, Geoffrey Griffin, akishirikiana na Geoffrey Geturo na Joseph Gikubu, alifungua shule ya wavulana ya Starehe, kando ya njia iendayo Eastleigh, katika mabanda mawili ya bati. Ihsani ilitoka hata ng'ambo, kwa Save the Children ya Uingereza; walakini wanafunzi, na hili ndilo linalonistaajabisha zaidi kuliko fedha zote, hawakuachwa kuwa wapokeaji tu, bali wakati wa likizo walikwenda kuhudumu kwa hiari hospitalini na maofisini, na baadhi ya waliohitimu wakafundisha katika shule za mashambani.