Silaha za kale njia ya Same: Ushahidi uliofungwa ndani ya chuma

RELI ya Tanga hadi Moshi, ambayo ujenzi wake ulianza mwaka 1893, hupita mjini Same, chini ya Milima ya Upare. Mwezi Mei 1916 majeshi ya Uingereza chini ya Jenerali Jan Smuts yaliifuata njia hiyo kuwasukuma Wajerumani kuelekea kusini. Kikosi cha Hannyngton kilifika Same, kikavuka milima kuelekea Gonja, na mwisho wa mwezi huo Buiko ikawa mikononi mwa Waingereza.

Askari wa pande zote mbili walibeba silaha za kila umri, na ukanda huo ukawa mahali pa kukutana kwa vizazi kadhaa vya ufundi wa bunduki. Kwa mtafiti wa historia, tofauti ya vizazi hivyo haionekani vyema kwa nje. Huonekana silaha inapofunguliwa.

La kale zaidi ni gobori. Bunduki hii hushindiliwa baruti na risasi kupitia mdomo wa mtutu, kisha nyundo hupiga fataki iliyowekwa nyuma yake. Magobori yalifika katika bonde la Mkomazi kwa misafara ya pwani katika karne ya 19, na Semboja wa Mazinde alijijengea nguvu kwa silaha hizo.

Vita Kuu ilipoanza mwaka 1914, askari wengi wa jeshi la Kijerumani walikuwa bado na bunduki ya Mauser ya mwaka 1871, ya milimita 11. Ilifyatua risasi moja tu kabla ya kujazwa tena, na baruti yake nyeusi ilitoa wingu la moshi lililomfichua mpigaji. Mauser ya mwaka 1898 ilikuwa na risasi 5 ndani yake na baruti isiyo na moshi. Nyingi za aina hii ziliingia mwezi Aprili 1915 kwa meli iliyofika ghuba ya Mansa, kaskazini ya Tanga.

Bastola ilikuwa silaha ya ofisa, na ndani yake ndimo yalimotokea mapinduzi makubwa zaidi. Hadi miaka ya 1890 bastola ya kawaida ilikuwa rivolva, ambayo silinda yake huzungushwa kwa nguvu ya kidole. Mafundi wakajiuliza kama nguvu ya risasi yenyewe ingeweza kufanya kazi hiyo. Mwaka 1893 Hugo Borchardt alitoa bastola iliyofungwa kwa kiungo mfano wa goti. Risasi ikitoka, goti hukunjwa, ganda hurushwa nje, na springi hulinyoosha tena goti pamoja na kuingiza risasi mpya. Georg Luger aliuboresha mpango huo. Uswisi iliichukua bastola yake mwaka 1900, jeshi la maji la Ujerumani mwaka 1904 na jeshi la nchi kavu mwaka 1908.

Katika kiwanda cha Mauser mjini Oberndorf, ndugu wa familia ya Feederle walifuata njia nyingine, na bastola yao ya kwanza ya majaribio ilikamilika mwaka 1895. Mtutu na boliti hurudi nyuma pamoja kwa umbali mdogo, kisha kipande kidogo cha chuma kilichovifunga hushuka na kuiachia boliti iendelee peke yake. Winston Churchill aliibeba bastola ya aina hii katika vita vya Omdurman, Sudan, mwaka 1898. Jambo la kustaajabisha ni kwamba ndani yake hamna skrubu. Vipande vyote hushikana kimoja kwa kingine kama fumbo, na skrubu hutumika kwenye mpini tu.

Bastola za majaribio ndizo zenye taabu kubwa kwa watafiti. Hazikufanana hata zilipotoka katika karakana moja. Mfano ni Mars, iliyobuniwa na Mwingereza Hugh Gabbett-Fairfax mwanzoni mwa karne ya 20, ambayo huivuta risasi kwa nyuma kutoka magazini kabla ya kuiinua mbele ya boliti. Zilitengenezwa takriban 80 tu. Jeshi la Uingereza liliikataa, na mbunifu wake akafilisika.

Mtafiti huanza na michoro ya hataza, ingawa mara nyingi chombo kilichotengenezwa hakilingani na mchoro. Hivyo hulinganisha namba zilizogongwa kwenye vipande vya ndani, huangalia alama za tupa ya fundi na mahali palipojazwa chuma baada ya mpango kubadilishwa. Springi iliyokwisha nguvu au kipande chenye namba tofauti huonyesha kwamba silaha ilitengenezwa upya baadaye. Pale ambapo kuifungua kungeiharibu, hutumika picha za eksirei.

Kazi hiyo ina uzito kwa sababu karatasi nyingi hazipo tena. Majeshi ya Ufaransa yalipoikalia Oberndorf mwaka 1945, kumbukumbu za kiwanda cha Mauser ziliteketezwa kwa amri. Tangu hapo, kwa maswali mengi kuhusu mifano ya mwanzo, shahidi aliyebaki ni chuma chenyewe.

Upare unaijua elimu ya namna hiyo. Wahunzi wa ukoo wa Washana wa Ugweno, katika Upare ya Kaskazini, walikuwa mashuhuri kwa kuyeyusha chuma karne nyingi kabla ya reli, kama alivyoeleza Profesa Isaria Kimambo katika kitabu chake cha mwaka 1969 juu ya historia ya Wapare. Watafiti waliochapisha matokeo yao mwaka 2018 walichunguza mabaki ya tanuri za Upare ya Kaskazini ili kujua jinsi chuma kilivyozalishwa. Taka za tanuri zilizungumza pale ambapo hapakuwa na maandishi.

Silaha za 1916 hazina kinga kama hiyo. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inahesabu kuwa masalia vitu vilivyotengenezwa kabla ya mwaka 1863. Mauser ya 1871 imeukosa mstari huo kwa miaka 8, na bastola ya Feederle kwa miaka 32. Waziri anaweza kutangaza kitu fulani kuwa cha kulindwa, lakini tangazo huhitaji mtu aliyekwisha kukitambua kitu hicho.

Kwa upande wa pili, silaha zisizo na kibali ni hatari kwa raia, na serikali ina kila haki ya kuzikusanya. Mwaka 2021 maelfu ya silaha haramu, yakiwamo magobori, yaliteketezwa kwa moto mkoani Kigoma. Moto hautenganishi gobori la jangili na bunduki iliyopita Same na jeshi zaidi ya miaka 100 iliyopita, na kuzitenganisha kabla ya moto ni kazi ya saa chache tu: kupiga picha, kuandika namba za nje na za ndani, na kumwita mtaalamu wa makumbusho.

Kazi hiyo ni ya polisi na wataalamu. Anayekuta silaha ya zamani darini au shambani asiifungue wala kuisafisha, kwa kuwa baruti iliyokaa ndani ya mtutu kwa miongo mingi inaweza bado kulipuka. Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 hairuhusu kuimiliki bila leseni, hata kama ni urithi wa babu.