Boriti za Lamu na Rufiji: Soko Moja, Nchi Mbili

Kwa karne nyingi kabla ya kuwekwa mpaka unaozitenganisha Kenya na Tanzania, mikoko ya visiwa vya Lamu na ile ya delta ya Rufiji ililisha soko moja, yaani miji ya Oman, Bahrain, Kuwait na Basra, ambako miti ya kujengea ilikuwa adimu. Majahazi yaliyoshuka na kaskazi yakileta tende yalirudi na kusi yakiwa yamesheheni boriti, ambazo ni miti ya mikoko inayolazwa juu ya kuta ili kubeba dari, na kwa kuwa miti hiyo haikuwa mirefu, upana wa vyumba vya nyumba za mawe, Lamu kama katika miji hiyo ya Ghuba, ulifuata urefu wake.

Miti hiyo iliuzwa kwa korija, yaani fungu la miti 20, na ilipangwa kwa unene: fito nyembamba za kuta za udongo, kisha pau za kuezekea, kisha boriti zenyewe, hadi nguzo. Kazi ilitawaliwa na maji, kwani mkataji aliingia na mtumbwi maji yakijaa, akakata yakiwa yametoka huku akikanyaga tope na mizizi, kisha akasubiri yajae tena ndipo autoe mzigo wake. Jasho hilo halionekani katika hesabu za ushuru zilizoachwa na serikali yoyote.

Wajerumani waliifanya delta ya Rufiji kuwa msitu wa serikali mwishoni mwa karne ya 19, wakithamini pia magome ya mikoko yenye tanini, dawa ya kutengenezea ngozi za wanyama. Waingereza waliowafuata waliendeleza utaratibu wa leseni, na baharia Alan Villiers, aliyesafiri na jahazi la Kuwait mwaka 1938 na 1939, alilishuhudia likipakia boriti Rufiji.

Mafuta ya petroli yaliligeuza soko hilo, kwa kuwa utajiri wake uliipa Ghuba saruji na chuma. Hapo ndipo njia za nchi hizi mbili zilipoachana waziwazi. Kenya ilipiga marufuku kuuza boriti nje mwaka 1982, hivyo Lamu, yenye zaidi ya nusu ya mikoko yote ya Kenya, ikabaki kutegemea wanunuzi wa ndani. Na serikali iliposimamisha ukataji katika misitu ya umma mwaka 2018, amri iliyolenga hasa kuokoa vyanzo vya maji vya milima ya bara iliwakumba pia wakataji wa pwani, ambao hawakuwa wamekaribia mlima wowote. Rais William Ruto alitangaza kuiondoa mwaka 2023.

Tanzania ilizuia magogo ghafi kuuzwa nje mwaka 2004, lakini ripoti ya mwaka 2007 ya TRAFFIC, shirika linalofuatilia biashara ya wanyama na mimea pori, kuhusu kusini mashariki mwa nchi ilikadiria kwamba hadi asilimia 96 ya mapato ya mbao yaliyostahili kukusanywa yalipotea. Huko Rufiji kwenyewe, kwenye zaidi ya hekta 50,000 za mikoko, shoka la mfanyabiashara wa boriti si tishio pekee tena, kwa sababu upande wa kaskazini wa delta wakulima wameifyeka mikoko ili walime mpunga, na katazo la biashara ya miti haligusi chakula chao.