Damu ya Kikwit na Kura ya Beni

Mtu akinywa dawa akapona, sisi husema palepale: Dawa imemponya. Lakini je, kama asingalikunywa, asingalipona? Swali hilo liliwajia waganga wa nchi yetu huko Kikwit.

Mwaka 1995 Ebola iliwashika watu 315 katika Kikwit na kandokando yake. Katika kila wagonjwa 10, karibu 8 walikufa. Na masista 6 Waitalia waliowahudumia wakafa vilevile. Ugonjwa ulipokaribia kwisha, waganga walitwaa damu ya watu waliopona, wakawatia wagonjwa 8. Saba walipona, mmoja akafa. Furaha ilikuwa kubwa. Lakini wagonjwa wale walikuwa wamekwisha kuishi siku kadhaa na ugonjwa, wakati wanyonge walikuwa wamekufa mapema. Tena uangalizi wa siku zile ulipita ule wa mwanzo. Hapakuwa na kundi la pili, la siku zilezile na uangalizi uleule, la kulinganisha nao. Basi swali likabaki bila jibu.

Mwaka 2018 Ebola ilizuka katika Kivu ya Kaskazini. Safari hii dawa zilikuwa 4, wala hakuna aliyejua ipi inapita nyingine. Kama mganga angalichagua mwenyewe, labda angaliwapa wenye nguvu dawa anayoitumaini, na hesabu ingalipotoka. Kwa hiyo, tangu tarehe 20 Novemba 2018, kwanza Beni, halafu Mangina, Katwa na Butembo, wagonjwa waliokubali walipangiwa dawa kwa kura. Kura haijui tajiri wala maskini, mnyonge wala mwenye nguvu. Huwagawa wote pande zote. Kila mmoja alipata dawa moja, na uangalizi ulikuwa mmoja. Makundi yakifanana hivyo, na watu wakiwa wengi, tofauti kubwa ya vifo hutoka katika dawa yenyewe.

Kazi hiyo ilifanyika katika hatari: Februari 2019 vituo vya Katwa na Butembo vilishambuliwa. Hata hivyo hesabu iliendelea, nayo ilikaguliwa na watu wasiowatibu wagonjwa. Tarehe 9 Agosti 2019 wakaguzi hao walishauri kura ya dawa zote 4 isimamishwe, maana dawa 2 zilikwisha kushinda, na kumpangia mtu dawa iliyoshindwa kungalikuwa kosa. Hesabu ya mwisho ni hii: waliopewa ZMapp walikufa 84 katika 169, remdesivir, 93 katika 175, MAb114, 61 katika 174, REGN-EB3, 52 katika 155.

Na MAb114 ilitoka wapi? Katika damu ya mtu aliyepona Ebola ya Kikwit mwaka 1995! Basi waliotumaini damu ile hawakuwa wajinga. Lakini ZMapp nayo ilitumainiwa, hata ikawekwa kuwa kipimo cha nyingine, ikashindwa. Tumaini huonyesha njia; hesabu ya haki ndiyo hutuambia kama tumefika.

Tukiombwa siku moja kuingia katika kura ya namna hii, tuulize maswali yetu yote kabla ya kukubali. Lakini tusiseme kwamba wanatuchezea bahati nasibu. Wale 681 walioingia katika kura wakiwa wagonjwa, wengine wakifa, ndio waliotuachia jibu.